Alama ya Vema ya Rwamgasa

S.L.P. 614,
Shinyanga.
14 Mei 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima wa mwili, na chumba changu cha Ngokolo hakivuji tena tangu mwenye nyumba alipokubali kubadilisha bati mbili. Naomba barua hii ikukute goti limetulia, na umeacha ule ubishi wa kupanda baiskeli mpaka mnadani huku vidonge vya daktari vimelala mfukoni. Hayo nimeyajua kwa Evelina, lakini usimkaripie, nilimbana mwenyewe. Mama anaendeleaje na kifua chake? Na mahindi ya bondeni, yamepona maji au mmevuna matope? Huku mvua za mwaka huu zimetunyoosha. Barabara imekatika mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa upande usio na chakula.

Najua umenuna kwa sababu tangu Pasaka sijaandika. Una haki. Mama ameniletea habari kwamba ile barua yangu ya Pasaka uliisoma yote mbele ya jumuiya, mpaka ile sehemu ya mimi kuumwa na tumbo, na kwamba siku hizi watu wa Ushirombo wakikukuta njiani wanakuuliza mwanao anaendeleaje na posta yake ya umeme. Baba, leo nitakueleza posta hiyo vizuri, maana wewe uliyekaa miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la posta utaielewa kuliko mtu yeyote hapa ofisini. Nitakueleza pia habari za dada mmoja anayeitwa Rukhsana. Tulia, si mchumba. Ningekuwa na bahati hiyo ningekuja mwenyewe na mshenga.

Rukhsana ni binti wa wale wenye duka la vitambaa karibu na stendi, ambalo babu yake alilifungua kabla wewe hujazaliwa. Amesomea kompyuta Nairobi miaka minne akarudi nyumbani, jambo lililowashangaza wengi. Kisukuma anakiongea kunishinda mimi, na mzee yeyote akipita mbele yake hasubiri kukumbushwa shikamoo. Kampuni yetu ya kuchoronga miamba ilimchukua mwezi wa pili kwa kazi moja tu: kuhamisha barua-pepe zetu zote kutoka mashine ya zamani, iliyokuwa imezeeka na kuzimika hovyo, kwenda mashine mpya. Mkurugenzi wetu, Bwana Ngassa, alimpa majaribio ya miezi mitatu. Alimwambia mbele yetu sote kwamba siku kazi ya kampuni itakapoharibika kwa sababu ya barua iliyopotea, ndiyo siku atakayofungasha, na mtaalamu ataletwa kutoka Johannesburg. Rukhsana alijibu kwamba amesikia, kisha akaomba apewe daftari kubwa na kalamu ya risasi.

Sisi tulidhani ataanza kufungua mashine. Wiki nzima hakugusa hata msumari. Alizunguka ofisi zote na daftari lake, hapa mjini na Geita, anaandika. Ujue, Baba, kila kompyuta katika mtandao ina namba yake, kama sanduku la posta, na barua zinakwenda kwa namba hiyo. Sasa namba zetu sisi zilikuwa zimegawiwa na kila aliyepita. Fundi akija na kompyuta mpya, anaipa namba inayomjia kichwani, basi. Rukhsana akagundua kwamba Geita kuna mashine mbili zina namba moja, na hapa hapa mashine ya kuchapia ya Mkurugenzi ina namba sawa na kompyuta ya mtunza stoo. Ndiyo maana miaka miwili stoo walikuwa wanalalamika kwamba kompyuta yao inakata mtandao kila Bwana Ngassa anapochapa barua, na sisi tunawacheka kwamba ni wavivu. Hebu fikiria wateja wako wawili wana sanduku moja na funguo mbili. Ungelala?

Basi akaunganisha kwa gundi karatasi nne za ramani za zamani, akazigeuza nyuma, akapiga mistari. Namba moja mpaka ishirini akaziweka kwa mashine zinazohudumia watu wote. Ishirini na moja mpaka tisini, ofisi ya Shinyanga. Geita akawapa fungu lao, na kila kambi fungu lake: Katoro, Rwamgasa, na zile mbili ndogo. Katikati ya mafungu akaacha nafasi tupu kubwa. Watu wakamtania kwamba anapima viwanja vya watu ambao hawajazaliwa. Akasema ndiyo, hao hasa, kwa sababu kampuni ikikua hataki mtu aje kubomoa nyumba ya mwenzake ili apate pa kupita. Mimi nilisimama pale na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anawaza kitu kwa ukamilifu namna ile.

Halafu yakaja majina, na hapo ndipo utakapofurahi. Namba ni ngumu kukumbuka, na tena zinabadilika. Kwa hiyo kuna daftari la majina, wenyewe wanaliita DNS. Kompyuta yako inaliuliza daftari, fulani yuko namba gani, nalo linajibu. Rukhsana akasema kila mashine ya huduma itakuwa na majina mawili: jina lake la kuzaliwa na jina la kazi. Ya zamani akaiita mninga, mpya akaiita mvule. Lakini watu wote, alisisitiza, waandike jina la kazi tu, yaani "barua". Leo jina hilo linaelekea mninga, kesho litaelekea mvule, na mtu aliyeko kambini hahitaji kujua kitu. Nikamwambia kwamba baba yangu alipostaafu, barua za Mkuu wa Posta hazikumfuata nyumbani, ziliendelea kwenda dirishani kwa aliyekuja baada yake. Alicheka sana, akasema kuanzia siku hiyo ataeleza kwa mfano wako, na kweli ameueleza kila ofisi. Umekuwa mtu maarufu Geita bila kufika.

Bwana Ngassa naye, alipoambiwa habari za majina, akataka mashine mpya iitwe Ngassa. Rukhsana akamwambia kwa adabu zote kwamba mashine hizi zinaharibika, na baada ya miaka mitano mtu atatangaza ofisini kwamba Ngassa imeoza na itupwe jalalani, je, Mkurugenzi atafurahi kusikia? Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Ni watu wachache wanaoweza kumkatalia yule bwana na wakatoka mlangoni na kibarua chao.

Kuna jambo lingine alilolifanya ambalo mimi peke yangu nisingelikumbuka hata nipewe mwaka. Kompyuta za huko duniani zikishauliza namba yetu, zinaikariri kwa siku mbili bila kuuliza tena. Ukihama ghafla, kwa siku mbili watu wanabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Kwa hiyo wiki moja kabla ya kuhama aliwaandikia watu wa Dar es Salaam wanaotuuzia mtandao, wapunguze muda huo wa kukariri uwe saa moja tu. Na tena akapanga kwamba mashine ya zamani haitazimwa siku ya kuhama. Itaachwa inawaka siku kumi na nne, na barua yoyote itakayopotea njia ikaingia kwake, yenyewe itaisukuma kwenda kwa mpya. Baba, wewe ulikuwa unamwekea mtu aliyehama barua zake miezi mitatu chini ya kaunta. Nilipomsikia nilikuona wewe.

Kazi yangu mimi katika mpango huu ilikuwa kuzunguka kambi nne na gari la kampuni, kwenye kila kompyuta niifute ile namba ya mashine ya zamani niliyoikuta imeandikwa, badala yake niandike jina "barua". Rukhsana alinipa karatasi yenye orodha ya mashine zote, na mbele ya kila moja kijisanduku cha kuweka alama ya vema na herufi za jina langu. Niliondoka tarehe thelathini Machi, nikarudi tarehe tatu Aprili na karatasi imejaa.

Tulihama Ijumaa Kuu, ofisi zikiwa zimefungwa. Idi Kubwa ilikuwa imepita wiki hiyo hiyo, na Rukhsana alikuja na sambusa za kwao bakuli zima, mimi nisiyekula nyama siku hiyo nikabaki kuzinusa. Nilitoka kwenda Njia ya Msalaba nikarudi. Saa kumi jioni akabadilisha jina kwenye daftari, akakaa na kukunja mikono. Tukangoja. Baada ya dakika arobaini barua ya kwanza ikaingia kwenye mvule, kutoka maabara ya Mwanza, ikiuliza habari za mifuko ya sampuli. Rukhsana akafunika uso kwa viganja kidogo, halafu akaniambia niandike saa kwenye daftari. Hiyo ndiyo habari niliyokuandikia kwenye barua ya Pasaka, na kila neno lililokuwa mle lilikuwa kweli.

Siku kumi na nne zikapita salama. Jumatatu ya tarehe ishirini na saba Aprili Rukhsana akatukusanya watu wa ofisi, akauliza kama kuna kambi yoyote inayotumia bado mashine ya zamani. Akaangalia karatasi, vema zote zipo. Akaizima mninga.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mikataba ya wachorongaji wa kambi inakwisha kila tarehe thelathini Aprili, na kila kambi inaleta kwa barua-pepe orodha ya wanaoendelea. Asiyekuwepo kwenye orodha anahesabika amemaliza. Orodha ya Katoro ikaja, na za zile kambi mbili ndogo zikaja. Ya Rwamgasa haikuja. Festo, karani wa kule, aliiandika na kuituma tarehe ishirini na nane, kompyuta yake ikaihifadhi kungoja njia ifunguke. Kwa mvua zile, njia kuziba siku tatu kambini halikuwa jambo la kumshtua mtu. Akangoja. Huku Bwana Ngassa alikuwa safarini, na katibu muhtasi wake akafuata utaratibu kama ulivyo kwenye karatasi. Tarehe mbili Mei gari likaenda Rwamgasa na barua za kumaliza kazi kwa watu wote thelathini na mmoja.

Walirudi makwao, Baba. Wengine Buseresere, wengine Bukombe hapo kwenu, labda umewaona na mablanketi yao wakishuka kwenye lori. Mmoja wao ni Mzee Masele, msimamizi wao, mtu wa rika lako, aliyechoronga miamba tangu enzi za wazungu wa almasi. Alipewa karatasi mbele ya vijana aliowafundisha yeye. Festo aliniambia kwamba mzee aliikunja vizuri, akaiweka kwenye kofia yake ya chuma, akaondoka bila kuaga.

Tarehe nane Festo akafika Shinyanga kwa basi, na orodha mkononi, amelowa. Rukhsana hakuuliza maneno mengi. Akaiwasha mninga, akafungua shajara yake, maana mashine hizi huandika zenyewe kila anayeingia na kutoka, na akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Siku zote kumi na nne Rwamgasa walikuwa wanaleta barua zao kwa mashine ya zamani, nayo ilikuwa inazisukuma kwa mpya kama ilivyopangwa. Ndiyo maana hakuna aliyegundua. Ilipozimwa, wakabaki wanabisha hodi mlango uliofungwa.

Bwana Ngassa aliporudi akatuita, Rukhsana na mimi. Nilikuwa nimeshika fungu la nyaya, sijui kwa nini sikuliacha nje. Rukhsana akamweleza kila kitu kwa mpangilio, kisha akasema kosa ni lake: alipaswa kuisoma shajara kabla ya kuzima, yeye akategemea karatasi. Mkurugenzi akauliza karatasi hiyo ni ya nani. Akajibu kwamba ni yake, aliichora yeye. Ikaamriwa watu wa Rwamgasa warudishwe kazini, na Rukhsana akaambiwa mwisho wake ni tarehe thelathini na moja ya mwezi huu. Hakujitetea. Aliomba tu apewe siku zilizobaki akabidhi kazi vizuri.

Baba, umeshaanza kunisikia. Unanijua tangu mdogo, nikianza kumsifu mtu sana unauliza nimemvunjia nini.

Ni mimi. Rwamgasa sikubadilisha.

Nilifika kule tarehe mbili Aprili, Alhamisi. Kompyuta yao imewekwa ndani ya sanduku la mbao kwenye kontena, na juu ya mfuniko ile namba ya mashine ya zamani imeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa kama namba ya gari. Nikauliza. Nikaambiwa kwamba walikuwa wamechoronga miezi minne wanatoa mawe matupu, na siku Festo alipoiingiza namba ile na barua ya kwanza ikaenda, jioni yake mwamba ukatoa dhahabu inayoonekana kwa macho. Tangu siku hiyo Mzee Masele hataki mtu aiguse. Kule mwamba ukiwa unatoa, mtu habadilishi hata kamba ya kiatu. Mzee mwenyewe kofia yake haioshi mwaka wa pili huu, na kupiga mluzi karibu na mtambo ni kutafuta ugomvi.

Nilipoanza kueleza, mzee alinikalisha, akaagiza niletewe ugali na kuku. Akaniita ng'wanawane, mwanangu, akaniomba kwa upole kwamba shimo namba tisa limebakiza mita arobaini, niwaachie wamalize, baada ya hapo nije nifute nitakacho. Mtu wa umri wako, Baba, ananiomba mimi kwa mikono miwili. Nilishindwa kumkatalia. Lakini nisimsingizie mzee wa watu. Ningemwambia wazi kwamba siku fulani namba hii itakufa na barua zao zitakufa nayo, angenielewa, maana si mjinga. Nilimwambia nusu. Nilisema tu kwamba kuna mabadiliko kidogo, hayana haraka. Nilikuwa nataka kupendwa, na kuku nilikuwa namla.

Nikajiambia nitarudi baada ya wiki. Tulipofika Katoro mvua ilitusimamisha, na nikiwa nimekaa ndani ya gari nikaitoa ile karatasi. Vema zote zilikuwepo, kijisanduku kimoja kitupu. Nikaona aibu kumpelekea Rukhsana karatasi yenye pengo, maana alipokuwa ananipa alisema hana wasiwasi na mimi, mtoto wa mtu wa posta. Nikaitia vema, nikaandika D.T. Nilikufa na tai shingoni. Halafu barabara ikakatika, halafu Pasaka ikaja, na barua zilipokuwa zinafika kutoka Rwamgasa kila siku nikajidanganya kwamba labda mtu wa kule amebadilisha mwenyewe. Na siku ile ya tarehe ishirini na saba, Rukhsana alipouliza, hakutuuliza jumla tu. Aliniuliza mimi kwa jina, mbele ya watu. Nikamjibu, hakuna, dada.

Wiki hii yote nilikuwa najitia kwamba sijui kama yeye anajua. Jana akaniita anikabidhi ule mpango, akasema atakayekuja amkute mtu anayeuelewa. Alinifundisha tangu asubuhi mpaka saa tisa, fungu kwa fungu, kwa nini namba hii hapa na ile pale, kwa uvumilivu ule ule. Mwisho akanipa ile orodha ya kambi. Nikaitafuta Rwamgasa. Pembeni ya vema yangu ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko mdogo, tarehe nane Mei, na maneno kwamba shajara inaonyesha mashine hii haikubadilishwa kamwe. Ameijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa nayo karatasi hiyo kwenye jalada alipokuwa amesimama mbele ya Bwana Ngassa.

Nilimuuliza kwa nini hakuitoa. Akasema kwamba angeitoa, Mkurugenzi angetufukuza wote wawili saa ile ile, na kambi nne zingebaki na mtandao usiojulikana na mtu, na safari hii wanaume waliorudishwa nyumbani wangekuwa mia. Akasema tena kwamba alichokisema kuhusu shajara ni kweli, alikosea kweli, na hakuona sababu ya kulipunguza kosa lake kwa kutumia langu. La mwisho akasema alidhani nitasema mwenyewe, na amekuwa akihesabu siku. Usidhani alinisamehe, Baba. Aliniambia ana hasira na mimi, kubwa, na kwamba hasira hiyo haitaondoka kwa soda. Akachukua mkoba wake akaenda.

Nilitaka tu ujue ni mtu wa namna gani. Nimeishi karibu na mtu mwenye kazi safi nyumbani kwetu, nilidhani nimezoea. Huyu amenionyesha kwamba kazi safi si kutokosea. Mimi niliogopa kijisanduku kimoja kitupu kwenye karatasi, yeye akasimama mbele ya bosi akasema nilikosea, huku mkate wake ukiondoka.

Leo saa nane mchana nina miadi na Bwana Ngassa. Nitampelekea ile orodha na nitamwambia yote, kuanzia kuku. Kama atamrudisha Rukhsana sijui, lakini hatakuwa na sababu ya kumfukuza. Mimi najua nitafukuzwa, na ada ya Evelina ya muhula ujao itabidi tuizungumze nikifika. Kwa Mzee Masele, ambaye bado hajarudi kambini, nitakwenda mwenyewe, nimeuliza nyumba yake Buseresere ni ipi. Wewe, naomba unitukane nikiwa mbele yako, usinitukane kwa kunyamaza, hilo sitaliweza.

Msalimie Mama, mwambie nakunywa uji kama alivyoniagiza. Msalimie Evelina na wote wa hapo nyumbani, na Mzee Donatus, wajina wangu, aliyenibeba ubatizoni.

Sasa ni saa tano na nusu. Nimeshajipima mara nyingi wiki hii, na kila nikifika mlango wa Mkurugenzi miguu inageuka. Kwa hiyo sitakwenda kwake kwanza, nakwenda posta. Nikishaidondosha bahasha hii kwenye sanduku si yangu tena, hata nikilia dirishani hawanirudishii, wewe ndiye uliyekuwa unawafukuza watu waliokuja kukuomba. Saa nane nikitaka kunyamaza, nitakuwa nimekwisha kukwambia kwamba nimesema.

Mwanao,
Donatus Tarsisi